Kifungo

Scranton, mji wa makaa ya mawe:
theluji huanguka nyeupe
ikafika chini imekuwa jivu.
Nilipanga chumba cha juu kwa mjane Gwenllian Prosser,
nikiandika hadithi za kuuza kwa majarida ya New York,
senti mbili kila neno,
na mhariri alitaka jambo moja tu:
hadithi iwe nge.
Itembee polepole, ioneshe mgongo,
sumu ibaki mkiani.

Chini, karibu na jiko, alilala Ansel Rudge,
mfunga breki wa reli aliyevunjwa na kiharusi,
na mvunguni mwake sanduku la bati
lenye kufuli isiyoweza kumzuia mtoto.
Ufagio ukiligusa, lilitoa sauti.
Sauti nzito. Sauti ya kuhesabika.

Mjane alimlisha uji wa shayiri kwa kijiko,
alimgeuza ubavu saa nane za usiku, tena saa kumi,
alimnyoa Jumamosi, alimfulia mashuka
ambayo sitayaeleza.
Kodi ya mzee ilikoma mwaka wa pili.
Mtaani wakasema, mvumilivu hula mbivu,
naye Dombrowski mwuza nyama akaongeza, akipangusa kisu:
"Yule mama yumo kifungoni, mwaka wa kumi na moja huu.
Mzee akikata roho ndipo atafunguliwa,
na mshahara juu."

Nami nilililifungua lile sanduku. Nakiri.
Jumapili, mjane kanisani, mzee akikoroma,
nikachokonoa kufuli kwa ncha ya kalamu
nikaona kokoto za reli, kokoto tupu,
nikafunika upesi
nikapanda ngazi nikicheka ndani kwa ndani.
Usiku ule niliandika bila kuinua kichwa:
mjane mwenye tamaa, mzee mjanja,
mazishi, kufuli, kokoto.
Nge kapiga.
Hundi ya dola arobaini ilifika Februari,
wiki ile ile Ansel alipokufa.

Wakaja baada ya maziko, kofia mkononi,
theluji ikiyeyuka kwenye buti zao.
Walikuja kumfariji mjane
na hakuna aliyemtazama mjane.
Dombrowski alivunja kufuli kwa mpini wa kijiko.
Mimi nimekaa pembeni, nimetulia,
kama mtu anayesomewa hadithi yake mwenyewe.
Kokoto zikamwagika mezani.
Mmoja akaguna. Mmoja akacheka, akajitia kukohoa.
Nikageuka nimwone Gwenllian na ule uso niliouuza.

Hakuwa nao.
"Kokoto za njia ya Carbondale," alisema,
akikoroga kahawa.
"Nilizikuta baridi ile ya kwanza,
alipokuwa bado akienda kwa kinyozi kwa miguu yake.
Nani anataka sukari?"

Kisha, mwisho kabisa, kutoka pembe ya chini ya bati,
kikadondoka kitu kisicholia kama jiwe:
fundo la leso, safi, limekunjwa kwa mkono wa mtu mzima wa afya.
Ndani, kifungo cheusi cha pembe, matundu manne,
na sindano iliyokwisha kutiwa uzi.

Mjane alilishika koti lake la kila siku.
Vifungo vinne vya pembe, na cha tano cha shaba
tangu baridi ile,
alipokitafuta chini ya jiko, chini ya mabenchi ya kanisa,
barabarani, akipekua theluji kwa mwavuli.
Kote alikitafuta, isipokuwa pale alipoinama siku ile.

Kwa mara ya kwanza nilimwona akiketi mchana.
Kahawa ikafurika, ikazima moto,
asiinuke mtu.

Mwezi Mei jarida lilifika.
Alilisoma amesimama, midomo ikimchezacheza,
koti likining'inia msumarini nyuma yake,
vifungo vitano, vyote vya pembe.
"Nzuri," alisema. "Ila hukuimaliza."
Akanirudishia,
kisha akanidai kodi ya Aprili.